Kabla hujapaka rangi siti za ngozi za gari yako, mambo ya kuzingatia

Siti ya dereva ikianza kuchubuka pale pembeni unasugua kila ukiingia na kutoka, watu wengi wanakimbilia rangi. Ngoja kwanza. Mara nyingi ngozi yenyewe bado iko, kimeisha ni ile rangi ya juu tu, na saa zingine hata rangi haijaisha, ni jasho na vumbi na rangi ya jinzi vimeshikana hadi siti ya kijivu inakaa nyeusi. Osha kwanza ndio ujue unatibu nini.

Hakikisha ni ngozi kweli. Gari nyingi tunaambiwa ni leza, kumbe ngozi ni pale unakalia na pale unaegemea, pembeni na nyuma ni plastiki, ile reksini. Inama uangalie chini ya siti mahali ukingo umekunjwa: ngozi upande wa ndani ina nyuzinyuzi zimechanganyikana ovyo, reksini ina kitambaa cha kufumwa ama sponji. Kama ni reksini usinunue krimu ya ngozi, haina pa kuingia. Alafu dondosha tone moja la maji mahali pamejificha. Likikaa juu, hiyo ngozi imepakwa rangi na klia (lile koti la juu lisilo na rangi) kiwandani, endelea. Likizama na kuacha doa la giza, hiyo ni ngozi wazi, weka brashi chini utafute mtu anaijua.

Toa vitu zote na upige vakyumu, hasa kwa mishono, kwa sababu mchanga ukibaki pale unakata uzi polepole kila ukikaa. Kama gari imebeba omena ama samaki wa Dunga kule Kisumu, usidhani harufu iko kwa ngozi, iko kwa kapeti na sponji, usije ukachubua siti bure.

Sabuni ya unga hapana. Jik hapana kabisa. Ngozi ina uasidi kidogo na hizo ni za upande wa magadi, zinaikausha na kula ile klia. Tumia sabuni ya ngozi, ukikosa sabuni ya maji isiyo kali, kidogo sana, na iweke kwa brashi si kwa siti. Unataka povu, hutaki maji. Sugua kipande kidogo, pangusa kabla haijakauka, songa. Siti ya matundu matundu ndio usiimwagie kitu, maji yanashuka kwa sponji na chini huko huenda kuna sensa na waya za kupasha joto.

Mafuta ya nazi, milking jelly, mafuta ya kupikia, achana nayo. Kwa ngozi imepakwa hayaingii, yanakaa juu yakingoja vumbi, na ya kupikia yananuka baadaye.

Sasa hii shika vizuri. Uliza gari imekuwa ikipakwa nini. Shemeji yangu alinunua Subaru Outback kwa mtu, siti zinang'aa mpaka unajiona, kumbe mwenye gari kila akiosha alikuwa anapuliziwa ile shain ya dashbodi, na hiyo ni silikoni. Pembeni ya dereva palikuwa pamepauka kwa hivyo akatafuta fundi, fundi akapangusa na kitambaa chenye maji akapaka siti zote rangi siku hiyo hiyo. Wakati wa kupaka vilitokea vijishimo vidogo vya duara, rangi inakimbia inakataa kukaa, fundi akaongeza koti lingine juu akasema ikikauka itajifunika. Na kweli ikajifunika, gari ikatoka safi, shemeji akatutumia picha. Wiki haijaisha kukawa na matanga huko Siaya, jua ni la Kisumu ile ya saa saba, gari imesimama nje vioo vimefungwa, akaombwa abebe mama mmoja wa kanisa la Roho, kanzu nyeupe pepe na msalaba mwekundu. Kufika huyo mama akishuka mgongo wote ni kahawia. Hakusema kitu, ndio mbaya zaidi, shemeji ndiye alikuwa anazunguka akiomba msamaha mbele ya watu. Tukarudi kwa gari nikabonyeza pale kwa ukucha, rangi ikajikunja ikatoka nzima kama utando wa maziwa. Chini yake ngozi inateleza, bado ina mafuta.

Rangi haikuwa mbaya. Ilikuwa imekaa juu ya silikoni, haijashika ngozi. Ikabidi yote itolewe, kazi ianze upya, na kutoa rangi mbovu ni kazi kubwa kuliko kupaka.

Kwa hivyo kama kumewahi kuwa na shain ama polishi ya viatu, osha, alafu pangusa na dawa ya kutoa mafuta ya ngozi ama spiriti ya isopropili, badilisha kitambaa kila mara kwa sababu kitambaa kichafu kinarudisha mafuta pale pale. Na usichukue ile spiriti ya kidonda ya kemisti ukidhani ni hiyo hiyo, nyingine inawekwa mafuta ya nyonyo ndani, utakuwa unapaka mafuta ukisema unatoa. Piga msasa laini kidogo tu, pangusa vumbi, alafu paka rangi kipande kidogo chini ya siti, iache ilale, asubuhi bandika maski tepu uivute kwa nguvu. Ikitoka na rangi, hujamaliza kuosha. Fundi akikuambia hana muda wa hiyo, na wewe usiwe na muda wake.

Rangi iwe ya ngozi. Ile ya bodi na thina inakauka ngumu, siti inajikunja kila siku, itapasuka. Makoti membamba mengi, kila moja likauke, mwisho klia ya mati, ile haing'ai. Fanya asubuhi kivulini, mvua ya ziwa ikija jioni hewa inakuwa nzito na rangi haikauki.

Kama siti inatolewa ama kushonwa, zima gari, toa teminali ya betri, ngoja dakika kadhaa ndio uguse plagi, hasa za manjano, hizo ni za eabegi, ule mfuko unaofura ajali ikitokea. Ukiwasha gari plagi zikiwa nje, taa ya eabegi itakaa kwa dashbodi mpaka upigiwe skana. Na kama siti ina eabegi ya pembeni, ule mshono umetengenezwa upasuke, fundi akiushona na uzi mgumu ama ukivalisha kava ya kuziba hapo, umeifungia ndani.

Piga picha kabla hujaacha gari. Elewaneni nani ananunua rangi. Toa pesa na karatasi zako kwa mifuko ya nyuma ya siti, angalia chini pia, na hiyo kiti cha mtoto usirudishe siku hiyo hata kama rangi inaonekana imekauka, na mtu asikuambie kuna dawa ya kupulizia mara moja inarudisha siti mpya.