Somo: Ateri inayopita juu ya misuli ya kigasha, na namna ya kuifuata kabla ya kuikata

Mwanafunzi anayeingia chumba cha anatomia kwa mara ya kwanza huja na mchoro wa kitabu kichwani, na akikuta mshipa usiofanana na mchoro ule hudhani kwamba amekosea kupasua. Mara nyingi hajakosea. Somo hili linahusu mkono peke yake, kwa kuwa hapo tofauti za kimaumbile hukutwa kwa urahisi, na mgonjwa anayechomwa sindano ndiye huzilipia.

Hatua ya kwanza: pasua ngozi, usizidishe. Mbele ya kiwiko, vitabu hutufundisha kwamba vena (mishipa inayorudisha damu moyoni) ziko juu, chini yake kuna utando mgumu unaotoka kwenye msuli wa bisepi, ulio mbele ya mkono wa juu, na ateri ya brakiali (mshipa mkuu unaoleta damu mkononi kutoka moyoni) iko chini ya utando huo. Kwa watu wengi ndivyo ilivyo. Kwa wachache, hata hivyo, ateri ya alna, ile ya upande wa kidole cha mwisho, huchipuka mapema, kwenye mkono wa juu au hata kwapani, kisha huteremka kwenye kigasha ikipita juu ya misuli inayokunja kifundo cha mkono, mahali ambapo kisu kilichoingia kwa pupa kinaikata pamoja na mafuta. Mwili ukishakaa katika fomalini, dawa ya kuuhifadhi usioze, rangi haikusaidii, kwani mishipa yote huwa ya kijivu. Ibane taratibu kwa kibano: ateri ina ukuta mnene na hurudia umbo lake, ilhali vena hulala bapa kama utepe uliolowa.

Hatua ya pili: ifuate pande zote mbili kabla ya kuipa jina. Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Ingiza mkasi ukiwa umefungwa, ufungue ndani ya tishu ili utenganishe bila kukata, uufuate mshipa kwenda juu mpaka kwenye chanzo, kisha urudi uteremke nao mpaka kiganjani. Ateri ya radiali, ile ya upande wa kidole gumba, iliyochipuka juu ya kiwiko imeripotiwa katika takriban mikono 14 kati ya kila 100, kwa hiyo darasa lenye miili kadhaa lisishangae kuikuta.

Hatua ya tatu: tazama majirani. Hesabu vichwa vya bisepi, yaani ncha zake za juu, kwani kwa takriban mtu mmoja kati ya kumi kipo cha tatu. Angalia pia kama neva ya mediani (mshipa wa fahamu unaoteremka mkononi hadi kiganjani) imepokea tawi lisilotarajiwa kutoka kwa neva jirani.

Hatua ya nne: fungua mkono wa pili, kisha uandike. Taja upande, jinsia, na umbali wa chanzo kutoka kwenye mfupa unaoshikika, kwa milimita. Neno “juu kidogo” halimsaidii daktari yeyote.

Faida yake wodini ni hii. Muuguzi akidhani ateri ya juujuu ni vena, dawa huingia ndani ya ateri, damu huweza kuganda na vidole vikafa. Kwa hiyo mapigo yatafutwe kwa kidole kabla ya kufunga mpira mkononi, maana mpira uliokazwa sana huyazima. Vilevile, daktari anayepitisha mrija kifundoni kuelekea moyoni anaweza kukwama katika ateri ya radiali iliyochipuka juu, kwani huwa nyembamba na hujikaza.

Maswali ya wanafunzi

*Mwalimu, mwili wetu hauna kano ya palmarisi longasi, ile nyembamba ya katikati ya kifundo cha mkono, upande wa kulia. Je, aliwahi kufanyiwa upasuaji?*

Kama hakuna kovu, yaelekea alizaliwa hivyo. Vitabu vingi hutaja asilimia 15, lakini uchunguzi uliofanywa Afrika Mashariki umekuta chini ya asilimia 5. Jipime mwenyewe: gusanisha kidole gumba na kidole cha mwisho, ukunje kifundo, kano itainuka katikati. Nguvu ya mkono haipungui sana kwa kuikosa. Hatari ipo kwa daktari anayetaka kuichukua ili kuunga kano nyingine bila kuipima kwanza: neva ya mediani iko hapohapo, na imewahi kukatwa ikidhaniwa kuwa ndiyo kano.

*Je, tofauti hizi ni ugonjwa?*

Hapana. Katika kiinitete, ateri za mkono huanza kama wavu wa vimishipa. Njia fulani hukua, nyingine hufifia. Iliyotakiwa kufifia ikibaki, unapata ateri ya namna hii, na mwenye nayo huweza kuishi hadi uzeeni asijue.

*Sisi tumeshaikata, Mwalimu. Tufanyeje?*

Fungeni uzi wa rangi moja kwenye ncha zote mbili, mpime palipobaki, na mwandike wazi kwamba ilikatwa na kikundi chenu. Kipande kilichotoka kiwekwe pamoja na mwili wake, kwa kuwa vitazikwa pamoja.