Mbwa wa miguu mitatu: jinsi ya kumtuliza maumivu na kumpangia mazoezi, hatua kwa hatua

Mimi ni daktari wa mifugo hapa Dar, mbwa waliokatwa mguu naletewa wengi tu, wengi wamegongwa na bodaboda au gari, wachache ni uvimbe wa mfupa. Swali la kwanza la mwenye mbwa huwa ni lile lile, dokta ataweza kuishi kweli? Ataishi, tena vizuri, mbwa wengi wanasimama siku moja au mbili baada ya upasuaji na ndani ya wiki chache wanazunguka uani kama kawaida. Shida inakuja baadae, miezi kadhaa mbele, pale watu wanamuona anakimbia wanasahau kwamba ile miguu mitatu inafanya kazi ya minne kila siku ya Mungu.

Nianze na kosa langu mwenyewe. Kulikuwa na mbwa anaitwa Tomi, kilo 22, tulimkata mguu wa mbele wa kushoto kuanzia begani. Nyuzi zimetoka, kidonda kimekauka, nikamwambia mama mwenye mbwa sasa mwacheni acheze. Wakampeleka ufukweni Jumapili akakimbizana na watoto karibu lisaa lizima, mama akanipigia ana furaha mpaka nikasikia raha. Jumanne akapiga tena, Tomi hanyanyuki. Kumbe mimi sikumwambia acheze kiasi gani, na mbwa akiwa kwenye raha hajisikii, maumivu anayasikia kesho yake na keshokutwa. Toka siku hiyo kitu cha kwanza namfundisha kila mtu ni hiki: usimpime mbwa wako wakati anacheza, mpime kesho yake asubuhi.

HATUA YA 1: jua mguu upi ndo umeelemewa

Mbwa mwenye miguu yote minne anabeba kama asilimia 60 ya uzito wake mbele na 40 nyuma. Kwahiyo aliyepoteza mguu wa mbele ana kazi kubwa kuliko aliyepoteza wa nyuma, ule mmoja uliobaki mbele unaweza kubeba karibu nusu ya mwili wote. Cha kuangalia kwake ni kifundo cha huo mguu, bega, na shingo. Akisimama mtazame kwa pembeni, kama kifundo kinazama kuelekea chini mwezi hadi mwezi ujue mishipa inayoshikilia kiungo inalegea, mlete mapema, usikifunge bandeji ya kubana mwenyewe nyumbani. Aliyepoteza wa nyuma mwangalie goti na nyonga ya upande uliobaki, na mgongo karibu na kiuno.

HATUA YA 2: daftari

Hapa watu wananiona nasumbua ila ndo hatua yenye faida kuliko zote. Nunua daftari la shule, kila asubuhi kabla ya chakula andika vitu vinne: amenyanyuka kwa shida au fasta, amepiga hatua ngapi ndo akalainika, amejilamba kifundo au kiungo chochote usiku, amekula au kaacha. Basi. Halafu kila Jumapili mrekodi video ya simu akitembea sehemu ile ile, mwanga ule ule. Mbwa mara nyingi halii akiumwa, huyu wa miguu mitatu ndo kabisa, na kuchechemea kwenyewe kunajificha kwasababu mwendo wake tayari ni wa kurukaruka. Utaona vitu vidogo, anatweta wakati hakuna joto, mguu unatetemeka akisimama, anakaa chini katikati ya njia, alikuwa anakuja getini sasa anaangalia tu kwa mbali, mtoto akimshika mgongoni anageuza kichwa haraka. Mama Tomi alikuwa anasema amekuwa mvivu. Kwa mbwa kama huyu neno uvivu mimi silikubali mpaka nimemshika viungo vyote.

HATUA YA 3: dawa, na hapa nawaomba sana

Usimpe diklofenaki. Usimpe brufeni. Hata panadoli usimpe bila daktari kukuambia kiasi. Najua ziko kabatini na duka la dawa lipo hapo nje, ila tumbo na figo za mbwa hazizimudu kama zetu, nimeshaletewa mbwa anatapika damu kwa vidonge viwili vya mtu wa nyumbani aliyemuonea huruma. Sisi tunatumia dawa kama meloksikamu au kaprofeni, na hata hizo ni kwa uzito. Chukua mfano, mbwa wa kilo 15 dozi yake ya meloksikamu ya kila siku ikishazoeleka ni kama miligramu 1.5, wakati kidonge cha binadamu ni 7.5 au 15, yaani kidonge kidogo kabisa ni dozi mara tano. Mpe akiwa ameshakula, na ukiona choo cheusi kama lami, kutapika, au amegoma kula, simamisha siku hiyo hiyo unipigie au umpigie daktari wako. Na kama kuna mtu kamchoma deksamethasoni (sindano ya steroidi) juzi mwambie daktari kabla hajaandika kitu, hiyo na meloksikamu au kaprofeni hazikai pamoja.

Kuna wanaoshtuka ghafla wakilamba au kuangalia pale mguu ulipokuwa. Mishipa ya fahamu ndo inasumbua, kwa hao tunaongeza gabapentini. Ya maji ya binadamu usinunue kichwa kichwa, nyingine imetiwa utamu wa zailitoli ambao ni sumu kwa mbwa.

HATUA YA 4: uzito na sakafu

Kila kilo ya ziada inakaa kwenye mguu ule ule. Pitisha vidole mbavuni bila kukandamiza, unatakiwa uzisikie mbavu, na ukimwangalia kwa juu awe na kiuno. Wengi wanapewa bonge la ugali na mchuzi wenye mafuta, punguza ugali, ongeza dagaa waliochemshwa bila chumvi au utumbo uliochemshwa vizuri, na mabaki ya chipsi acha kabisa.

Sakafu ya tailizi ndo adui. Akiteleza mara moja anaweza kuchana msuli. Tandika vipande vya zulia kuukuu au mipira ya kukanyagia ya gari kuanzia anapolala mpaka bakuli mpaka mlangoni, mkeka wa plastiki hapana, wenyewe unateleza. Kata kucha na manyoya kati ya nyayo. Bakuli la aliyekosa mguu wa mbele liweke juu ya kigoda, usawa wa kifua. Godoro liwe nene, sio gunia juu ya sementi.

HATUA YA 5: dakika

Wiki mbili za kwanza baada ya upasuaji ni kujisaidia na kurudi tu, ukimsaidia kwa kanga iliyopita chini ya tumbo kama ni wa mguu wa nyuma (nyuzi zinatoka siku ya 10 mpaka 14). Halafu anza dakika 5, mara tatu au nne kwa siku, alfajiri na jioni, kamwe sio saa saba mchana kwenye lami. Wiki nzima ikipita na daftari liko safi ongeza dakika 2 kwa kila safari. Daftari likichafuka, yaani kaamka mgumu au kajilamba, rudi nyuma nusu kwa siku tatu. Na iwe kila siku sawa, usimkalishe Jumatatu mpaka Ijumaa halafu Jumamosi umtoe masaa mawili.

Usimvute kwa mwendo wako wa taratibu. Kutembea polepole kwa miguu mitatu ni kazi ngumu kuliko kurukaruka, mpe kamba ndefu ajipangie mwendo, akikaa na wewe simama. Kuruka kutoka kwenye pikapu au kibarazani marufuku, mbebe au weka ubao. Bahari shwari ni nzuri sana, ila mfunge jaketi la kuelea na uingie nae, wa mguu wa mbele anaweza kubinukia upande.

Sasa mbwa wa ulinzi. Mchana kutwa kafungiwa bandani, misuli inakauka, saa tatu usiku anafunguliwa anakimbia kando ya ukuta mpaka asubuhi akibwekea kila pikipiki. Huyo hata umpe dawa gani hapati nafuu. Mtoe mchana mara mbili anyooshe viungo, ziba uwazi wa geti asione barabara, na usiku afunguliwe masaa machache au akae kibarazani na mlinzi. Kubweka anabweka bado, na ndo kazi yake.

HATUA YA 6: mikono yako

Jioni, kitambaa cha maji ya uvuguvugu begani na kiunoni dakika 10, kisha mchue polepole kwa kiganja kuelekea moyoni. Akiondoka mwache. Zoezi: kaa, simama, mara 5, kwenye zulia, kwa kipande cha dagaa. Baada ya wiki kadhaa asimame juu ya mto wa kulalia sekunde 10 ukimshika. Ukiona mguu unatetemeka imetosha.

Mlete siku hiyo hiyo kama hakanyagi kabisa mguu mmoja kati ya mitatu, kama anaburuza kucha za nyuma, kama hajakojoa toka jana. Tomi ana mwaka wa pili sasa, yuko kilo 19, anatembea dakika 15 asubuhi na 15 jioni, na mama yake yuko kwenye daftari la tatu.