Kunakili Diski Kuu ya Kompyuta ya Zamani

Kompyuta ya zamani inayotumia Windows XP na programu ya hesabu ambayo haiuzwi tena haiwezi kuokolewa kwa kunakili mafaili pekee, kwa kuwa mfumo endeshi na mipangilio yote hubaki nyuma. Kinachohitajika ni nakala ya diski nzima, pamoja na sekta ya kuwashia, yaani sehemu ya mwanzo ya diski ambayo kompyuta huisoma inapowaka.

Chunguza kwanza plagi ya diski: ile pana yenye pini 40 ni IDE, aina ya zamani ya kuunganisha diski, na ile nyembamba ni SATA, aina mpya zaidi. Diski mpya iwe na ukubwa sawa na ya zamani au zaidi, ukilinganisha kwa baiti, kwa sababu diski mbili zilizoandikwa GB 80 zinaweza kutofautiana kidogo, na upungufu huo unatosha kukwamisha kazi.

Washa kompyuta kwa flashi yenye Clonezilla, programu ya bure, kisha uchague kunakili diski kwenda diski. Ikiwa mashine haikubali flashi, toa diski na uifanyie kazi kwenye kompyuta mpya kwa adapta ya USB. Nasisitiza hili: soma modeli na namba tambulishi ya kila diski kabla ya kuthibitisha, maana ukikosea mwelekeo, utafuta kila ulichotaka kuokoa.

Diski inayogonga au kusoma kwa kusuasua ihamishwe kwa GNU ddrescue, programu ya kuokoa data, ambayo huchukua kwanza sehemu zisizo na hitilafu na kurekodi zilizoharibika, hata kazi ikikatika iendelee ilipoishia.

Mwishowe ijaribu nakala ikiwa peke yake ndani ya mashine, kwani diski mbili zenye utambulisho mmoja huichanganya Windows.