Leseni za Sanaa na Msimbo: Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kuanza Kutengeneza Gemu Yako

Mtu anayetengeneza gemu kwa mapenzi yake, jioni baada ya kazi, peke yake au na rafiki mmoja, huanza kwa kutafuta picha na sauti mtandaoni, kwa kuwa si kila anayejua kuandika msimbo, yaani maagizo ya kompyuta, anajua kuchora, na anayejua yote mawili hana muda wa kuyafanya yote. Hakuna ubaya katika hilo. Wasanii wa dunia nzima wameweka wazi hazina kubwa mno, nao wameiweka ili itumike. Shida huja miezi baadaye, gemu inapokaribia kutolewa, mwenyewe anapojikuta hawezi kusema picha ipi ilitoka wapi, nani aliichora na aliitoa kwa masharti gani. Ndiyo maana kitu cha kwanza ninachoshauri kiandaliwe, kabla ya kuchagua injini (programu ambamo gemu hujengwa) na kabla ya kuchora ramani ya hatua ya kwanza, ni daftari la leseni.

Daftari lenyewe ni faili la maandishi au jedwali linalokaa ndani ya folda ya mradi. Kila kitu kisichotoka mkononi mwako kinapewa mstari wake siku ileile kinapopakuliwa, wala si mwishoni mwa juma. Katika gemu yangu ya jahazi, mstari wa picha ya maji una jina la faili kama lilivyo ndani ya mradi, jina la asili la kazi, jina la msanii kama mwenyewe anavyotaka aitwe, anwani ya ukurasa, leseni pamoja na namba ya toleo lake, tarehe niliyopakua, na mwisho maneno haya: "rangi imesogezwa kwenye kijani, ukubwa umepunguzwa hadi pikseli 32." Pamoja na mstari huo ninahifadhi nakala ya ukurasa nilikoikuta picha, kwa sababu kurasa hufutwa, na wasanii hubadili nia. Leseni ya Creative Commons, shirika linalotunga leseni ambazo msanii huchagua kwa kazi yake, haiwezi kufutwa kwa yule aliyekwisha kuipata, lakini asiye na kumbukumbu atathibitishaje kwamba aliipata?

Nalisisitiza hili kwa sababu lilinigharimu. Nilikuwa na sauti ya upepo iliyosikika tangu mwanzo wa gemu hadi mwisho, na faili lake liliitwa "upepo_mpya2". Nilipokaa kuandika ukurasa wa shukrani nilitafuta asili yake usiku mzima nisiipate. Nililazimika kuitoa, nikaenda ufukweni alfajiri na simu yangu, nikarekodi upepo mwenyewe, kisha nikapanga upya sauti za kila sehemu zilizokuwa zimepimwa kwa ule wa kwanza. Mstari mmoja katika daftari ungeniokolea siku kumi.

Jambo linalofuata ni kutenganisha neno "bure" na neno "ruhusa". Kenya ni mwanachama wa Mkataba wa Berne, mkataba wa kimataifa wa hakimiliki, tangu mwaka 1993 na Tanzania tangu mwaka 1994, na chini ya mkataba huo hakimiliki huanza pale kazi inapoumbwa, bila kusajiliwa na bila alama yoyote. Kwa hiyo picha iliyowekwa mtandaoni bila maelezo ni picha ambayo haki zake zote zimebaki kwa mwenyewe, hata kama kitufe cha kupakua kiko wazi. Hali ni hiyohiyo kwa msimbo unaoonekana na kila mtu lakini usio na faili la leseni: kuusoma unaruhusiwa, ila kuuingiza kwenye gemu yako hujaruhusiwa. Kwenye masoko kama itch.io, ambako kila msanii huandika masharti yake kwa maneno yake, inafaa kuyasoma hadi mwisho, maana mmoja ataruhusu kuuza gemu na kukataza kusambaza picha peke yake, na mwingine hatasema lolote. Asiposema, mwandikie umuulize, na jibu lake ulihifadhi karibu na daftari.

Sanaa nyingi utakazozikuta ziko chini ya leseni za Creative Commons, na ni vema kuzielewa kwa herufi zake kabla ya kuanza kukusanya. Iliyo nyepesi kuliko zote ni CC0, ambayo kwayo msanii ameachia haki zake kadiri sheria inavyomruhusu, nawe unaweza kutumia, kubadilisha na kuuza bila hata kumtaja. Mikusanyiko ya sanaa za gemu ya Kenney wa Uholanzi, ambayo wengi wetu tulijifunzia, imetolewa hivyo. Mimi humtaja msanii hata hapo, kwa kuwa ni haki ya kiutu, na kwa kuwa daftari lenye mapengo halikawii kuachwa.

CC BY inadai kutaja: jina la mwenye kazi, leseni yake pamoja na kiungo, na kama umeibadilisha kazi. Namba ya toleo ina uzito hapa. Toleo la 3.0 linataka pia jina la kazi likiwa limetolewa, na leseni hukatika mara tu unapokiuka sharti. Toleo la 4.0, lililotoka mwaka 2013, humrudishia mtumiaji haki zake zenyewe akirekebisha kosa ndani ya siku 30 tangu alipoligundua. Kuandika "CC BY" bila namba ni kuandika nusu ya leseni.

CC BY-SA ndiyo inayohitaji fikra zaidi, na pia ndiyo iliyozaa hazina ninayoipenda kuliko zote. Mwaka 2012 Creative Commons, Free Software Foundation (shirika la programu huria) na OpenGameArt (tovuti ya sanaa huria za gemu) ziliandaa shindano la Liberated Pixel Cup, ambalo sanaa zake zilitolewa chini ya CC BY-SA 3.0 na GPL 3.0, leseni ya programu huria, kwa pamoja, zikifuata mtindo mmoja ili kazi za wasanii mbalimbali zikae pamoja bila kugongana. Mhusika mmoja wa mtindo huo hujengwa kwa tabaka: mwili, nywele, shati, viatu na upanga, na kila tabaka linaweza kuwa na wachoraji wake watatu au wanne. Unapomchukua baharia mmoja unaweza kuwa umechukua kazi ya watu kumi na wawili, na wote wana haki ya kutajwa. Nakili majina yao siku unapomjenga baharia huyo, kwa kuwa tabaka zikishaunganishwa kuwa faili moja hakuna jicho litakalozitenganisha tena.

Herufi SA maana yake ni kwamba ukibadilisha kazi hiyo na kuitoa, ulichokitengeneza nacho kitatoka kwa leseni hiyohiyo au inayokubalika nayo. Baharia niliyemvisha kanzu anabaki chini ya BY-SA, na yeyote anayeipata gemu yangu ana ruhusa ya kumchukua na kumtumia. Si jambo la kuogopa, bali ni la kukubali kabla. Kisichowezekana ni kuunganisha katika mchoro mmoja kichwa kilichotoka chini ya BY-SA na mwili uliotoka chini ya BY-NC-SA (NC ikikataza matumizi ya kibiashara), kwa kuwa kila leseni inadai mchoro mzima ufuate masharti yake, na masharti hayo hayapatani. Kama gemu yenyewe pamoja na msimbo wake inahesabiwa kuwa kazi iliyotokana na picha hizo, leseni hazijalitamka kwa maneno ya gemu. Watengenezaji wengi wanaishi kwa kuelewa kwamba msimbo unaopakia picha kama faili la pembeni unasimama peke yake, nami pia ninaziweka sanaa za BY-SA katika folda yake, na leseni yake ndani ya folda hiyohiyo, ili mpaka uonekane na kila anayefungua mradi.

Muziki una kanuni yake inayowapita wengi. Creative Commons huhesabu muziki uliopangwa kwenda sambamba na picha zinazotembea kuwa kazi iliyobadilishwa, hata kama hukugusa noti moja. Wimbo wa BY-SA ukiuweka juu ya filamu fupi ya utangulizi wa gemu, filamu hiyo imeingia chini ya BY-SA. Na wimbo wenye herufi ND, yaani usiobadilishwa, haufai kabisa kwa kazi hiyo. Kwa picha, ND inakataza kutoa kwa umma picha iliyopakwa rangi upya au kupewa mwendo, na mtengenezaji gemu haishi bila kufanya hivyo. Mimi huziacha.

NC, yaani matumizi yasiyo ya kibiashara, huziacha vilevile, hata kwa gemu ninayokusudia kuigawa bure. Leo unaigawa bure. Kesho utaweka tangazo dogo ili ulipie seva, au mtu atataka kuiweka kwenye mkusanyiko unaouzwa, na hapo kila faili lenye NC litageuka deni. Tovuti ya Freesound, iliyoanzishwa mwaka 2005 katika Chuo Kikuu cha Pompeu Fabra huko Barcelona, huonyesha leseni kwa kila sauti, na sauti mbili zilizopandishwa na mtu mmoja zinaweza kuwa na leseni tofauti. Tumia kichujio cha leseni kabla ya kusikiliza, ili usiipende sauti usiyoweza kukaa nayo.

Kabla ya kukusanya sanaa fikiria pia gemu itatolewa wapi. Leseni za Creative Commons zenye masharti hukataza kuifungia kazi kwa kufuli za kiteknolojia zinazomnyima mpokeaji haki alizopewa na leseni, ilhali baadhi ya maduka huifunga gemu kwa kufuli za namna hiyo. OpenGameArt ilitunga leseni ya OGA-BY kwa sababu hii: ni CC BY iliyoondolewa kipengele hicho. Ukiipenda kazi ya CC BY na unajua utaitoa gemu kwenye duka lenye kufuli, mwandikie msanii barua fupi yenye adabu, ueleze gemu na duka. Kwa uzoefu wangu wengi hukubali na hufurahi kuulizwa.

Kwa upande wa msimbo GPL nayo imewahi kugongana na maduka. Mwezi Januari 2011 VLC, programu ya kuchezea video na muziki, iliondolewa kwenye duka la Apple baada ya mmoja wa waandishi wake kulalamika kwamba masharti ya duka hayapatani na GPL. Ilirejea mwaka 2013, baada ya leseni ya msimbo wake kubadilishwa kwa ajili hiyo. Kazi kama hiyo ilihitaji ridhaa ya waandishi wengi, na mtengenezaji wa gemu ndogo hana nguvu za kuwatafuta watu hao. Basi maktaba za msimbo, yaani msimbo wa wengine unaouingiza kwenye gemu yako, zikaguliwe mapema. Leseni za MIT, BSD na zlib ni nyepesi, na zinachotaka kikubwa ni kuhifadhi tamko la hakimiliki. GPL inataka gemu iliyounganishwa na msimbo huo itolewe pamoja na msimbo wake chanzo, yaani msimbo kama ulivyoandikwa na watu, jambo ambalo ni zuri ukiwa umelitaka. Injini ya Godot iko chini ya MIT tangu mwaka 2014, na wengi husahau kwamba maandishi ya leseni yake lazima yawemo ndani ya gemu au pamoja nayo. Kutumia programu za kuchora kama Blender, GIMP au Krita, ambazo ni za GPL, hakuifungi picha uliyochora nazo: picha ni yako. Fonti nyingi huria ziko chini ya SIL Open Font License, inayoruhusu kuzipachika ndani ya gemu inayouzwa lakini si kuziuza zenyewe pekee.

Rafiki anayekuchorea naye ana hakimiliki yake. Urafiki haumhamishii mtu mali ya mwenzake, na sheria ya hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inasema wazi kwamba kuhamisha hakimiliki au kutoa leseni ya kipekee hakuna nguvu bila maandishi. Ukurasa mmoja unaotaja picha zipi, zitatumika wapi, nani atatajwa vipi na nini kitatokea fedha zikipatikana, ukitiwa saini na wote wawili kabla ya mchoro wa kwanza, unalinda gemu na urafiki pia.

Ukishajua ulichokipokea, ndipo uamue utakavyotoa chako. Msimbo wa gemu ya Doom ulitolewa mwaka 1997, na mwaka 1999 ukawekwa chini ya GPL, lakini picha, sauti na ramani zake zilibaki mali ya kampuni iliyoitengeneza. Ndiyo maana mradi wa Freedoom ulilazimika kuchora vyote upya ili injini hiyo ipate gemu huria ya kuendesha. Gemu huria ya 0 A.D. imetaja vyote viwili tangu mwanzo wa uhuria wake: msimbo GPL, sanaa CC BY-SA. Fanya hivyo pia, kwa faili mbili za leseni, na usitumie leseni ya Creative Commons kwa msimbo; shirika lenyewe linashauri dhidi ya jambo hilo, kwa kuwa leseni zake hazizungumzii msimbo chanzo.

Siku ya mwisho kabla ya kutoa, usilikague daftari peke yake. Sakinisha gemu kwenye simu ambayo haijawahi kuwa nayo, fungua ukurasa wa shukrani, na usome kila jina kwa sauti huku mwenzako akilifuata kwenye daftari. Angalia kama herufi za majina ya kigeni zinaonekana au zimegeuka viboksi, kama viungo vinafunguka, na kama maandishi ya leseni ya injini na ya fonti yamo. Nilipofanya hivyo kwa gemu ya jahazi, jina la mchoraji wa matanga lilikuwa limekatwa na ukingo wa kioo. Nilisogeza ukurasa pikseli 40 kushoto, nikatengeneza faili upya, ndipo nikapakia.