SOMO: Land Rover Series III taa zinafifia, indiketa zinachanganya? Anza na ethi

Wakuu, hizi 109 (Land Rover ndefu) za zamani zikianza vituko vya umeme watu wanakimbilia kubadilisha balbu, swichi, hata altaneta, wakati mara nyingi shida ni ethi tu, yaani njia ya umeme kurudi kwenye betri kupitia bodi na chasisi. Bodi karibu yote ni aluminiamu, chasisi ni chuma, vikikutana na unyevu aluminiamu inaliwa inatoa ule unga mweupe, na umeme haupiti kwenye unga.

Dalili sasa. Ukiwasha indiketa na taa ya nyuma nayo inakonyeza, umeme umekosa njia ya kurudi unapitia balbu ya jirani. Ukipiga stata halafu waya wa choki unapata moto mpaka plastiki inanuka, ethi ya injini imekatika (injini imekalia raba, haigusi chasisi), acha hapo hapo usiendelee kupiga.

Hatua ya 1. Chukua mita ya umeme, weka DC volti 20. Achana na ile ya kulia piii, waya uliobakiwa na uzi mmoja utalia vizuri tu, lakini balbu mbili za wati 55 zinavuta kama ampea 9 na uzi mmoja haubebi hizo.

Hatua ya 2. Washa taa, lazima ziwe zinawaka. Ncha nyeusi kwenye teminali hasi ya betri, nyekundu kwenye waya mweusi nyuma ya taa (kwa hawa Waingereza mweusi ndo ethi). Chini ya 0.2 poa. Ikisoma volti 1 hivi anza kurudi nyuma: boliti ya ethi, bati la pembeni, chasisi, kichwa cha waya wa betri. Pale namba inaposhuka ghafla, ugonjwa uko kati ya hapo na ulipotoka kupima.

Hatua ya 3. Chomoa waya wa koili isiwake, mwenzako apige stata, wewe pima kati ya bloku ya injini na teminali hasi. Ikizidi 0.5 weka waya mpya mnene wa ethi.

Hatua ya 4. Toa teminali hasi kwanza. Fungua boliti, piga msasa mpaka ing'ae, rudisha pamoja na washa (ringi) yenye meno, kaza, ndo upake Vaseline juu.

MASWALI

– Mkuu, yangu geji ya mafuta na ya temperecha zinapanda zote kwa pamoja, injini haichemki.
– Nyuma ya geji kuna stabilaiza inayolisha zote mbili volti kama 10. Bodi yake ikikosa ethi inaachia umeme wote. Safisha skrubu yake.

– Nimetoka kupiga rangi, taa zote za nyuma zimekufa 😩
– Rangi imeingia chini ya boliti za ethi boss, hatua ya 4.

– Mimi nina IIA (iliyotangulia Series III) ya kabla ya 1967, ethi yake ni chanya, yaani chanya ya betri ndo imefungwa kwenye bodi. Redio inafungika?
– Za siku hizi ukiifunga hivyo hivyo itaungua. Geuza betri, waya za koili na za ampeamita, halafu dinamo: chomoa waya zake, gusisha mara moja tu waya kutoka chanya ya betri kwenye teminali ndogo ya F. Ikitoa cheche kidogo imeshika mwelekeo mpya wa umeme, rudishia waya.