Asilimia Kabla ya Mechi: Jinsi ya Kutabiri Matokeo ya LCK

Anayetaka kutabiri mechi za LCK, ligi kuu nchini Korea Kusini ya League of Legends, mchezo wa kompyuta wa timu mbili za watu watano watano, anunue daftari kwanza, takwimu zitafuata. Katika daftari hilo achore safu tano: tarehe, timu zinazokutana, asilimia anayoipa timu anayoiona ina nguvu zaidi, sababu kwa maneno machache, na matokeo, ambayo safu yake itabaki wazi mpaka mechi iishe. Aandike kwa kalamu ya wino. Nasema hivyo kwa sababu msimu wangu wa kwanza nilitumia penseli, na kurasa za mwanzo za daftari lile zimejaa alama za kifutio mahali nilipoandika 60, nikaona timu inaongoza kwa dhahabu, fedha ya ndani ya mchezo, dakika ya kumi, nikapandisha hadi 75. Msimu ulipokwisha sikuweza kujua ni wapi nilitabiri na ni wapi nilisimulia tu kile nilichokwisha kukiona.

Mechi inayoanza saa kumi na moja jioni mjini Seoul huwa ni saa tano asubuhi kwetu Afrika Mashariki. Andika asilimia yako usiku uliotangulia, au alfajiri kabla ya kutoka kwenda kazini, kisha funga daftari.

Sababu ya kudai asilimia, na kutoridhika na jina la mshindi peke yake, inaonekana vizuri katika mashindano ya dunia ya mwaka 2022. DRX waliingia wakiwa timu ya nne ya Korea, wakaanzia hatua ya awali ya mchujo, na katika robo fainali wakakutana na EDG wa China, waliokuwa mabingwa watetezi. Mechi ilikuwa ya gemu tano, mshindi ni anayetangulia kushinda tatu, na gemu ya kwanza DRX walipoteza. Katika gemu ya pili walifika mpaka kwenye Nexus, jengo kuu ambalo likivunjwa gemu imekwisha, wakawa wanalipiga, na lilikuwa limebakiwa na uhai kidogo sana. Nexus hulindwa na majengo mengine yaitwayo inhibita, ambayo yakivunjwa hujijenga upya baada ya dakika 5. Wakati huohuo inhibita ya EDG ikasimama tena, Nexus haikupigika, EDG wakaokoka na mwishowe wakashinda gemu hiyo. Ikawa 2 kwa 0. DRX walirudi wakachukua gemu tatu mfululizo, wakawatoa Gen.G kwa 3 kwa 1 katika nusu fainali, na tarehe 5 Novemba wakawafunga T1 kwa 3 kwa 2 mjini San Francisco na kuchukua kombe. Aliyeandika kwamba DRX wana asilimia 25 dhidi ya T1 hakukosea kwa kuwa tu DRX walishinda, maana jambo lenye asilimia 25 hutokea mara moja katika kila mara nne. Lakini aliyeandika kwamba DRX hawawezi alikosea kabisa, na daftari lake lingemwonyesha kosa hilo kwa namna ambayo mabishano ya mashabiki hayawezi kumwonyesha.

Sasa tuje kwenye hesabu. Njia rahisi iliyo imara ni ile aliyoibuni mtaalamu wa fizikia Arpad Elo kwa ajili ya mchezo wa sataranji. Kila timu ya LCK, nazo ni 10, ipe alama 1500 mwanzoni. Kabla ya kila gemu, chukua alama za mpinzani utoe alama za timu unayoitabiria, gawanya kwa 400, pandisha 10 kwa kipeo cha jibu hilo, ongeza 1, kisha gawanya 1 kwa jumla uliyoipata. Timu yenye alama 1600 ikikutana na yenye 1500, jibu ni 0.64, yaani asilimia 64. Baada ya gemu, toa uwezekano huo katika 1 ikiwa timu imeshinda, au katika 0 ikiwa imeshindwa, na uzidishe kwa 32. Timu yetu ya alama 1600 ikishinda hupata karibu alama 12. Ikishindwa hupoteza karibu 20. Alama inazopata au kupoteza timu moja ndizo anazopoteza au kupata mwenzake. Jedwali la kawaida la Excel hufanya kazi hii yote, na matokeo ya kuingiza humo yanapatikana bure kwenye tovuti ya Oracle's Elixir, ambayo hutoa mafaili ya gemu za wachezaji wa kulipwa, mara nyingi pamoja na tofauti ya dhahabu katika dakika ya 15.

Uzuri wa Elo ni kwamba inazingatia ulimshinda nani, na tangu mwaka 2025 jambo hili limekuwa la lazima. Katika mwaka huo LCK ilianza kugawanya timu katikati ya msimu: tano za juu zikaingia kundi la Legend na tano za chini kundi la Rise, kila kundi likicheza peke yake. Timu iliyoongoza Rise kwa ushindi mwingi inaweza kuonekana kwenye msimamo kama inameta kuliko ya nne ya Legend, lakini ushindi huo ilivuna kwa wanyonge wenzake. Kwa sababu hiyohiyo, usichukue alama za LCK ukazilinganisha na za timu za China au Ulaya ambazo hazijakutana na Wakorea. Alama zinapimana tu pale timu zinapogongana, na timu za ligi mbalimbali hugongana mara chache kwa mwaka.

Asilimia ya gemu moja si asilimia ya mechi. Mechi za msimu wa kawaida wa LCK huchezwa kwa gemu tatu, anayetangulia kushinda mbili ndiye mshindi. Hatua za mtoano huchezwa kwa gemu tano. Tuseme timu ina asilimia 60 katika kila gemu. Uwezekano wa kushinda 2 kwa 0 ni 0.6 mara 0.6, yaani 0.36. Kushinda 2 kwa 1 kuna njia mbili, kwa kuwa gemu iliyopotea inaweza kuwa ya kwanza au ya pili, na kila njia ni 0.6 mara 0.6 mara 0.4, hivyo jumla ni 0.288. Ukijumlisha unapata karibu asilimia 65. Kwa gemu tano inafika 68. Wengi huamini kwamba mechi ndefu humhakikishia mwenye nguvu ushindi, ilhali hapa urefu wote ule umemwongezea pointi tatu tu. Timu yenye asilimia 70 kwa gemu hupanda hadi 78 katika mechi ya gemu tatu na karibu 84 katika ile ya tano. Ukijikuta umeandika 90 kwa mechi ya timu mbili za juu, rudia hesabu.

Hadi hapa jedwali limefanya kazi yake, na kuanzia hapa ndipo mtabiri anapohitajika, kwa sababu jedwali linajua majina ya timu tu wala halijui nani amevaa jezi. Katika kiangazi cha 2023 Faker, yaani Lee Sang-hyeok, mchezaji wa njia ya kati wa T1, alipumzishwa kwa maumivu ya mkono. T1 waliokuwa wakishinda wakacheza mechi nane bila yeye na wakashinda moja tu. Wanne wengine walikuwa walewale, na jina la timu lilikuwa lilelile, kwa hiyo Elo iliendelea kuwapa T1 asilimia kubwa huku ikishuka polepole baada ya kila kipigo. Aliyetazama majina ya wanaoanza kabla ya mechi angepunguza mara moja. Faker alirudi kabla msimu haujaisha, T1 wakafika fainali ya ligi wakafungwa na Gen.G 3 kwa 0, na mwezi Novemba wakatwaa ubingwa wa dunia mjini Seoul bila kupoteza gemu hata moja katika fainali.

Usajili nao una athari kama hiyo, ila yenyewe hudumu. Kati ya wachezaji watano wa DRX walioanza ile fainali ya San Francisco, aliyebaki mwaka uliofuata ni BeryL peke yake. Bingwa wa dunia kwa jina alikuwa kikosi kingine kabisa. Kwa hiyo kila msimu mpya unapoanza, vuta alama za timu zote kuelekea 1500 kwa theluthi moja, ili timu ya 1620 ianze na 1580, na ile iliyobadilisha wachezaji watatu au zaidi ivute kwa theluthi mbili. Kipimo hiki ni cha kwangu, nimekifikia kwa kujaribu, nawe ukiona chako kinafaa zaidi katika daftari lako, kifuate hicho.

Jambo la tatu la kutazama, nalo ndilo ninalolipenda kuliko yote, ni uteuzi wa wahusika, yaani wapiganaji ambao kila mchezaji humwongoza mmoja wao katika gemu. Kabla ya kila gemu timu hufungia wahusika 10 kwa jumla, watano kila upande, kisha huchagua wake kwa zamu. Kwa miaka mingi upande wa bluu ndio ulioanza kuchagua na upande mwekundu ndio uliomaliza, kwa hiyo bluu alimwahi mhusika mwenye nguvu zaidi, na mwekundu alibaki na nafasi ya mwisho ya kumjibu mpinzani. Tangu 2025 umeongezwa utaratibu ambao mhusika aliyechezwa katika gemu moja harudi tena katika mechi hiyo, kwa timu yoyote ile. Fanya hesabu: mechi ikifika gemu ya tano, wahusika 40 wameshatumika, na 10 wengine watafungiwa. Mchezo una zaidi ya 160, lakini wale wanaofaa kwa nafasi moja katika toleo fulani la mchezo ni wachache, na mchezaji wa njia ya kati anayewamudu vyema watano tu anaweza kung'ara gemu mbili za mwanzo na kuishiwa katika ya nne.

Kwa hiyo, ukiwa unatabiri mechi ya gemu tano, chukua kila mchezaji uhesabu ni wahusika wangapi tofauti amewatumia msimu huu na kushinda nao. Mimi huandika hesabu hiyo pembezoni mwa ukurasa, nafasi tano kwa timu mbili, na mara nyingi huona pengo ambalo msimamo wa ligi hauonyeshi. Pengo likiwa katika nafasi mbili au zaidi, nampa mwenye upana pointi tatu hadi tano. Katika mechi ya gemu tatu pengo hilo silihesabu kabisa.

Toleo la mchezo hubadilika karibu kila wiki mbili, na mhusika aliyekuwa nguzo ya timu anaweza kupunguzwa makali usiku mmoja. Soma orodha ya mabadiliko, uulize ni timu gani iliyoegemea zaidi kile kilichopunguzwa. Hakikisha pia ligi inacheza toleo gani wiki hiyo, maana si lazima liwe lile ulilonalo nyumbani.

Marekebisho yote haya yasizidi pointi 10 kwa jumla, isipokuwa pale mchezaji muhimu anapokosekana. Bila mpaka huo, kila mtu hujikuta anatafuta sababu za kuipandisha timu anayoishabikia. Mwaka 2022 T1 walimaliza msimu wa kawaida wa majira ya kuchipua kwa mechi 18 bila kupoteza hata moja, jambo ambalo halikuwahi kutokea katika ligi hiyo, wakachukua na kombe lake. Mwezi Mei walifungwa na RNG wa China 3 kwa 2 katika fainali ya kimataifa mjini Busan, na mwezi Agosti Gen.G wakawafunga 3 kwa 0 katika fainali ya kiangazi. Nilikuwa nimewapandisha T1 mara zote mbili kwa sababu ya ile 18 bila doa, na mara zote mbili Elo peke yake ingeniweka mahali pazuri zaidi.

Wapo watakaotaka kuyapeleka haya kwenye mikeka. Siwashauri, kwa kuwa kampuni ya kubahatisha ina jedwali kama lako na watu wanaolipwa kulitunza, na bei yake imekwisha kukatwa faida kabla hujaiona. Utabiri wa bure ambao Riot Games, kampuni iliyotengeneza mchezo huu, huuandaa wakati wa mashindano ya dunia unatosha kukupa ushindani na wenzako.

Kujipima kufanywe kila mwezi, kwa kipimo ambacho mtaalamu wa hali ya hewa Glenn Brier alikitoa mwaka 1950. Andika asilimia yako kama desimali, itoe katika 1 ikiwa timu ilishinda au katika 0 ikiwa ilishindwa, na jibu ulizidishe kwa lenyewe. Uliyeandika 70 na timu ikashinda unapata 0.09, ikishindwa, 0.49. Uliyeandika 95 na timu ikashindwa unabeba 0.90, mzigo ambao mechi nyingi nzuri hazitoshi kuufuta. Chukua wastani wa mechi zote za mwezi. Anayeandika 50 kila siku bila kutazama chochote hupata 0.25, hivyo wastani wako ukizidi hapo, jedwali lako au hukumu yako ina kasoro. Ili kujua ni ipi kati ya hizo, weka katika daftari safu ya sita yenye asilimia ya Elo kabla hujaigusa, na uipime kwa namna hiyohiyo. Ikiwa safu hiyo ina wastani mdogo kuliko ule wako, mwezi unaofuata punguza mpaka wa marekebisho kutoka pointi 10 hadi 5, na usome upya sababu ulizoziandika kando ya mechi zilizokugharimu zaidi.