Huna wafuasi? Bado unaweza kulipwa kutengenezea biashara video

Watu wengi wakisikia habari ya kulipwa na brandi wanawaza lazima uwe na wafuasi laki mbili, wanakata tamaa hapohapo. Mi naongelea kazi nyingine kabisa. Hapa huuzi umaarufu, unauza video. Mwenye biashara anakulipa, unamtengenezea klipu ya sekunde 20 au 30 mtu wa kawaida anatumia bidhaa yake, halafu anaiposti yeye kwenye akaunti yake. Akaunti yako hata iwe na watu 200 hakuna anayeuliza. Na usikae kusubiri TikTok wakulipe kwa watazamaji, ule mpango wao wa malipo ni wa nchi chache na Tanzania haimo, kwa hiyo hela ipo kwa wenye biashara.

Nipo Dar, nina kazi yangu ya mchana, hii naifanya jioni na Jumapili.

Vifaa visikutishe. Simu yenye kamera inayoeleweka, stendi, maiki ya kubana kwenye kola (zile za Kariakoo zinatosha kabisa), na dirisha. Dirisha ndo taa yako ya kwanza, kaa ukiliangalia, usiligeuzie mgongo, na mi napenda kurekodi saa 2 mpaka saa 4 asubuhi kabla jua halijawa kali. Futa lenzi kila mara maana simu inashinda mfukoni. Zima feni, najua Dar ni jasho, lakini feni inaharibu sauti na sauti mbaya inafukuza watu haraka kuliko picha mbaya. Shika simu wima, kuediti tumia app ya CapCut.

Kabla hujamtafuta mteja tengeneza sampuli tatu kwa vitu ulivyonavyo ndani. Mafuta ya nywele, jiko la gesi, ubuyu, chochote. Moja uonyeshe kinavyotumika, moja ufungue mzigo mpya, moja uelezee shida uliyokuwa nayo na hicho kitu kimeisaidiaje. Mwanzo ndo kila kitu. Ukianza na "habari zenu wapendwa, leo nimewaletea" watu washapita zamani. Anza na shida yenyewe: "Nimechoka kusugua masufuria meusi kila usiku." Mtu mwenye masufuria meusi atabaki kusikiliza, na huyo ndo mnunuzi.

Wateja sasa. Usitume meseji kwa kila duka unaloliona, tafuta wale ambao tayari wanalipia matangazo, maana hao hawahitaji kushawishiwa kwamba matangazo yana faida. Meta, wenye Facebook na Instagram, wana maktaba ya matangazo (Ad Library), iko wazi kwa kila mtu bure, unachagua Tanzania, unaandika neno kama "losheni" au "mapazia", unaona nani anatangaza muda huu na tangazo lake likoje. Ukikuta mtu analipia picha moja ya kopo yenye maandishi mekundu, huyo anakuhitaji. Mwandikie kwa adabu na ufupi: "Habari za kazi dada, nimeona tangazo la mapazia yenu. Natengeneza video fupi za matangazo, hizi hapa tatu nilizofanya. Ningependa kuwatengenezea moja inayoonyesha chumba kabla na baada. Bei ni hii." Weka bei usimfanye aulize. Wengi hawatajibu, kumi wakikaa kimya andika kwa wengine kumi.

Kwenye bei ndo nataka usome taratibu. Nilianza na 30,000 kwa video, sasa hivi nachukua 80,000, tatu kwa 200,000. Ila bei ya kutengeneza na bei ya kutumia ni vitu viwili tofauti, hili mimi lilinigharimu. Kuna mgahawa ulinilipa 40,000 kwa klipu moja, nikafurahi, halafu nikaona ileile klipu na sura yangu inazunguka kama tangazo la kulipia karibu nusu mwaka na mimi sina hata shilingi ya ziada, na sikuwa na pa kulalamikia kwa sababu hatukuandikiana chochote. Iliniuma kweli. Siku hizi naandika kabisa: kuposti kwenye kurasa zenu imo kwenye bei, mkitaka kuilipia kama tangazo ni miezi mitatu na mnaongeza nusu ya bei, ikiisha tunaongea upya.

Makubaliano yawe ya maandishi hata kama ni WhatsApp, voisi noti hapana, siku ya mzozo hakuna atakayekaa kusikiliza dakika saba. Andika idadi ya video, urefu, siku ya kukabidhi, marekebisho mara mbili tu, malipo nusu kabla ya kuanza na nusu kabla ya kutuma faili safi. Ya kuangalia mtumie ikiwa na jina lako katikati ya kioo. Akishamaliza kulipa tuma kama dokumenti, usitume kama video ya kawaida, WhatsApp inaibana na kuifanya ukungu. Mpe na nakala isiyo na muziki, kwa sababu akaunti za biashara TikTok haziruhusiwi kutumia nyimbo zote, zina maktaba yao ya muziki wa kibiashara, na wimbo unaotamba ukiuweka wewe tangazo lake linaweza kuzimwa sauti.

Wanaosema watakulipa kwa bidhaa, kubali tu kama hicho kitu ungekinunua mwenyewe. Mwenye nyumba hapokei losheni.

Na losheni yenyewe angalia sana jamani. Tangu 2019 vipodozi viko chini ya TBS, shirika la viwango, krimu ambayo haijasajiliwa usiishike hata wakulipe laki tano. Zipo zenye zebaki na hydroquinone, kemikali za kung'arisha ngozi, zinazoharibu ngozi na figo za watu, na mtu atanunua kwa sababu ameiona sura yako. Usiseme umeitumia miezi mitatu wakati imeletwa jana na bodaboda. Sema "nimeipata leo, harufu yake iko hivi, inaingia haraka kwenye ngozi", inatosha na ni kweli. Ukiposti kwako pia weka alama kwamba umelipwa.

Kampuni kubwa zitakuomba TIN (namba ya mlipakodi) na ankara. TIN inatolewa na TRA, mamlaka ya mapato, bure, usimpe dalali hela. Tangu Julai 2024 kuna kodi ya zuio ya 5% kwa watengeneza maudhui ya mtandaoni, anayekulipa anaikata kabla hela haijakufikia, kwa hiyo ukitarajia 200,000 ukaona 190,000 imeingia hujaibiwa, ila waombe cheti cha zuio ukitunze.

Wiki mbili baada ya kukabidhi, mrudie mteja umuulize video ipi imeleta meseji nyingi za bei, na watu walikuwa wanauliza nini. Maswali hayo ndo unayafanya skripti ya video zinazofuata, na mara nyingi oda ya pili inaanzia kwenye hayo mazungumzo.